Chemchemi Yenye Ratiba

Mtaa wetu uko mlimani, katikati ya mawe makubwa, upande wa Singida mjini unaotazama ziwa. Ukifungua mlango asubuhi, kitu cha kwanza unachokiona ni maji. Ziwa lote lile limetulia, linang'aa. Lakini ni maji ya chumvi. Hayanyweki, hayafai kupikia, na ukiyafulia sabuni haitoi povu. Basi sisi tunakaa juu ya mawe yetu na ndoo tupu, tunalitazama. Mungu naye ana utani wake.

Mimi ni Ritha, fundi cherehani. Ninashonea barazani, karibu na njia. Anayepanda mlima ananipita, anayeshuka ananipita. Sisemi kwamba mimi ni mbea. Nasema tu kwamba cherehani haizibi masikio.

Jirani yangu ni Leonard, dereva wa lori la alizeti. Anaishi na mkewe Happiness na mama yake mzazi, Bibi Felista. Bibi Felista alitoka kijijini, upande wa Sepuka. Hakuhama kwa kupenda. Chemchemi yao ilikauka, kisha ng'ombe wakauzwa, kisha mumewe akafariki. Leonard akaenda na lori, akampakia pamoja na vyungu vyake.

Mama huyu alikuwa na hamu ya kwao mpaka unamwonea huruma. Jioni alikuja kukaa nami barazani tukichambua mlenda, na habari yake ilikuwa moja tu, ile chemchemi. Jinsi ilivyotoka chini ya mwamba. Jinsi maji yake yalivyokuwa baridi hata kwenye jua la Oktoba. Alipozaliwa Leonard, bibi yake aliamka alfajiri akayachota maji hayo, akamwogesha. Ndiyo desturi ya kwao. Wanasema mtoto aliyeogeshwa hivyo hapotei, atajua kwao ni wapi.

"Ritha," aliniambia siku moja, "mtu asiye na maji yake hana kwao."

Nilitaka kumtania kwamba basi mtaa mzima hatuna kwetu. Nikamtazama usoni, nikaacha.

Sisi tuna mgao. Maji hufunguliwa Jumanne na Ijumaa asubuhi. Zamani siku hizo zilikuwa sikukuu, kila mtu anafua, anadeki, anajaza madumu. Mwaka huu sisi wa juu tulianza kukosa. Ukifungua bomba linakohoa, linatoa upepo, basi. Wa chini walipata kidogo. Happiness alikuwa na mimba kubwa, na bado alishuka na ndoo kuomba maji chini, akapanda nayo kichwani. Nilimwambia aache, atazalia njiani. Akacheka, akasema mtoto wa mtaa huu atazaliwa na ndoo yake mkononi.

Ndipo nikaanza kuona jambo. Kilikuwa kiangazi kikali, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Lakini Bibi Felista alirudi kutoka bondeni akiwa na tope miguuni. Akaleta mlenda mbichi. Siku nyingine akaleta matembele. Nilimuuliza ameyatoa wapi, akasema Mungu hamtupi mja wake. Hilo si jibu. Lakini mkubwa hahojiwi, nikaendelea kushona.

Alinieleza mwenyewe baadaye. Siku moja alishuka kuokota kuni nyuma ya mawe, kwenye korongo lisilopitwa na watu. Akakanyaga ubaridi. Kutazama, maji yanachuruzika kutoka chini ya mwamba, masafi, kama ya kwao. Alipiga magoti pale pale, akalia. Akasema moyoni, maji yamenifuata.

Sasa, kwao chemchemi mpya haitangazwi. Anayeiona huizungushia miiba, akanyamaza mpaka msimu mmoja wa mvua upite. Ukiitangaza mapema, wanasema, inaona haya, inahama. Tena haichotwi kwa ndoo ikiwa bado changa. Unachota kidogo, kwa kata. Basi Bibi Felista akakata miiba, akapazungushia, akapanda mboga zake, akanyamaza. Kila alipolemewa na upweke alishuka huko, akakaa, akasikiliza maji.

Happiness akajifungua mtoto wa kike. Alipotoka hospitali, bomba la nyumbani lilikohoa kama kawaida. Bibi Felista akachukua kidumu kidogo, akashuka kulipopambazuka, akarudi na maji. Alinipita akitabasamu. Tangu aletwe na lori sikuwahi kuyaona meno yake yote. Akamwambia mkwewe kwamba hayo ni maji ya nyumbani, ya kumwogeshea mtoto. Happiness si mjinga. Aliitikia kwa heshima, akapokea, kisha akayachemsha.

Wiki ile ile mwenyekiti wa mtaa akatuita mkutanoni. Alikuja na fundi wa maji, dada mmoja mwenye buti za mpira, anaitwa Klara, mzaliwa wa Nduguti. Aliwaamkia wazee kwanza, mmoja mmoja, nikampenda. Kisha akatueleza kilichomleta.

Alisema kwamba pale maji yanapoingia mtaani kwetu, kumefungwa mita kubwa. Ndani ya mita hiyo kuna laini ya simu, kama hizi zetu. Kila saa mita inajitumia ujumbe ofisini, inaeleza maji kiasi gani yamepita. Huko kompyuta inachukua hesabu hiyo, inailinganisha na mita za majumbani. Na hesabu hazikubaliani. Maji yanayoingia mtaani ni mengi. Yanayofika kwenye nyumba ni karibu nusu tu.

Akasema tena kwamba maji haya yanavutwa kutoka visima virefu kwa umeme. Kila ndoo inayopotea ni umeme umepotea, na kisima kimepunguzwa bure. Mji unakua, watu wanaongezeka kila mwaka. Tukiendelea kuchimba visima vipya huku mabomba yanavuja, watoto wetu tutawaachia mashimo makavu. Watu waliguna. Hata mimi niliguna, maana nilikuwa nimezoea kuilaumu mvua.

"Kompyuta inaniambia mtaa," alisema Klara. "Hainiambii mahali. Mahali mnapajua ninyi."

Mzee Joshua akasimama. Huyu mzee ana mbuzi wengi na maneno mengi. Akasema hakuna maji yanayopotea, yanaibwa. Akauliza ni nyumba gani mtaani inakula matembele mabichi katika kiangazi hiki. Akauliza ni nani mwenye lori la kuosha. Hakutaja jina, wala hakuhitaji kulitaja. Shingo zote ziligeuka kwa Leonard.

Leonard alisimama, akaapa kwamba hajawahi kugusa bomba la mtu. Happiness alikuwa amempakata mtoto kifuani, akainamisha kichwa. Nilimtazama Bibi Felista. Alikuwa ameshika ncha ya kanga yake, anaisokota na kuisokota.

Klara akainua mkono. Akasema yeye hatafuti mwizi, anatafuta mahali palipolowa. Bomba linaweza kupasukia juu, chini ya ardhi, na maji yakapita kati ya mawe kimyakimya, yakatokea mbali kabisa. Akaeleza la kufanya. Ukiona mahali pametota bila mvua, usipite. Simama hapo hapo. Kwenye simu yako washa sehemu inayoonyesha ulipo. Piga picha, itume WhatsApp kwenye namba ya ofisi, na utume na mahali ulipo. Huko ofisini taarifa yako inaonekana kwenye ramani ya mabomba, kama nukta. Fundi anakwenda moja kwa moja.

Mama mmoja akauliza, na sisi wenye vitochi, simu zisizo na WhatsApp, je? Klara akamjibu kwamba ujumbe wa kawaida unatosha. Andika jina la mtaa na kitu kilicho karibu, kama kanisa, duka au jiwe linalojulikana. Asiyejua kuandika apige simu au amwambie mwenyekiti. Namba ikabandikwa mlangoni kwa mwenyekiti na dukani kwa mzee Badrudin, tunakonunua madumu.

Watu walipotawanyika, Bibi Felista alimfuata Klara. Mimi nilikuwa nyuma yao. Nimeshasema kuhusu masikio yangu.

"Mwanangu," alisema, "katika mawe haya, chemchemi haiwezi kutokea?"

"Inaweza, bibi," alijibu Klara taratibu. "Ila iko namna ya kuijua. Maji yakizidi siku ya mgao na kupungua siku isiyo ya mgao, hilo ni bomba. Chemchemi haina ratiba."

Klara akamweleza na jambo jingine, kwa upole tu. Bomba lililopasuka halitoi maji peke yake. Mgao ukifungwa, bomba hunyonya. Tope la pale, lililokanyagwa na mbuzi na mbwa, huingia ndani, likafika kwenye nyumba za chini na kuwaumiza watu matumbo.

Jioni ile kwa jirani hapakuwa na amani. Leonard alimuuliza mama yake mboga zinatoka wapi. Mama alinyamaza. Akamuuliza tena, akamwambia watu wanamwita mwizi. Mama alinyamaza. Leonard akaondoka na lori bila kula. Happiness alitoka na sahani ya ugali akamfuata mpaka njiani, akarudi nayo vile vile.

Ijumaa asubuhi Bibi Felista alisimama mbele ya cherehani yangu. Amevaa kitenge cha kanisani, na mkononi ana simu aliyoachiwa na Leonard.

"Ritha, acha hiyo nguo. Twende ukanielekeze simu hii."

Tulishuka. Kupita kule ni kushika mawe na kukaza magoti, sijui alikuwa akipita vipi na kidumu. Tulipofika nilisimama. Miiba imezunguka vizuri, ina kimlango kidogo. Ndani ni kijani, mlenda, matembele, mchicha, na kata iko juu ya jiwe. Ndege wanakunywa. Baada ya vumbi la mtaani, niseme ukweli, hata mimi nilitamani kukaa.

Yeye alikaa. Aliniambia nitazame tu. Mwanzoni maji yalikuwa uzi mwembamba. Huko mtaani tukasikia ndoo zinagongana, watu wa nyumba za chini wanaitana kwamba maji yamefunguliwa. Baada ya muda kidogo ule uzi ukanenepa. Ukaanza kububujika, ukajaza kidimbwi, ukamwagika kwenye mizizi ya mboga.

"Nilijua," alisema Bibi Felista. "Tangu mwanzo nilijua, Ritha. Siku ya mgao yanapanda, siku nyingine yanashuka. Nilikuwa nimechoka tu kuwa mtu asiye na kwao."

Nilimshika bega. Alilia kidogo, akajifuta kwa kitenge. Kisha akanieleza jambo ambalo jioni zote zile hakuwahi kulisema. Chemchemi ya kwao haikukauka kwa siku moja. Kila mtu aliiona inapungua. Miti ya juu ilikatwa kwa mkaa, ng'ombe wakapakanyaga, maji yakawa uzi. Lakini kwao hata chemchemi inayokufa haisemwi. Kuisema ni kuiua. Basi wakanyamaza wote, kila mmoja akijua, mpaka asubuhi moja wakakuta mwamba mkavu.

"Tuliinyamazia mpaka ikafa," alisema. "Lete hiyo simu."

Nilimwonyesha pa kuwasha mahali alipo. Picha alipiga mwenyewe. Ya kwanza alipiga kidole chake, ya pili ikawa nzuri. Nikamwambia nimwandikie maneno. Akakataa. Amejifunza kusoma na kuandika ukubwani, darasa la kanisani, naye hataki kuandikiwa tena. Aliandika herufi moja moja, kwa kidole kimoja: HAPA MAJI YANAPOTEA. SI CHEMCHEMI. MIMI FELISTA.

Akaituma. Alishika simu kwa mikono miwili mpaka jibu likaja, kwamba wamepokea na fundi yuko njiani.

Klara alifika mchana na vijana wenye sururu. Hawakuchimba pale kwenye mboga. Alitazama ramani kwenye simu yake, akatuonyesha. Mstari wa bluu ni bomba letu, na nukta nyekundu ni taarifa ya Bibi Felista. Akafuata mteremko wa mawe kutoka kwenye nukta kwenda juu mpaka alipokutana na mstari. Hapo wakachimba. Jiwe lilikuwa limeporomoka chini ya ardhi, limelilalia bomba, limelipasua. Klara alisema bila ile nukta wangebomoa nusu ya mlima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tungejenga mtaa.

Jumanne iliyofuata, bomba la Leonard lilikohoa. Likatema upepo, likatema maji mekundu. Klara alikuwa ametuonya tuyaache yatoke mpaka yawe safi, tuyakinge kwa ajili ya kumwagilia miti. Kisha yakaja. Yalikuja kwa nguvu mpaka ndoo ikapinduka. Happiness alisimama tu na mtoto, anacheka na kulia pamoja. Leonard alikuwa amerudi safari. Alikwishaelezwa yote. Alimtekea mama yake maji ndoo ya kwanza kabisa, akaipeleka ndani mwenyewe. Mzee Joshua naye alipanda mlima na jogoo mikononi. Alimkabidhi Leonard, akakohoa kama bomba letu la zamani, akashuka. Hivyo ndivyo mzee yule anavyoomba radhi.

Mtaa mzima ulifurahi, isipokuwa mmoja. Bibi Felista alikuwa akishuka korongoni kila siku kutazama. Kidimbwi kikawa tope, tope likapasuka, mlenda ukanyauka. Alirudi na kata yake, akaitundika ukutani. Nilimkuta akilia, akaniambia hajutii alichofanya, ila moyo una njaa yake. Nilikaa naye. Kuna huzuni ambayo dawa yake ni mtu wa kukaa naye tu.

Klara alipokuja kukagua kazi yake, Bibi Felista alimwomba amwonyeshe ile ramani. Akauliza kama inaweza kusogezwa. Klara akaisogeza kwa kidole, nje ya mji, kuelekea Sepuka. Bibi akawa anamwelekeza, pita hapo, fuata hicho kijito, simama. Picha ilikuwa imepigwa kutoka angani. Tukauona mwamba wenyewe, mdogo kama punje ya uwele.

"Weka nukta hapa," alisema.

Klara akamweleza kwamba ramani yake ni ya mabomba ya mji tu. Lakini ofisi ya bonde, inayosimamia mito na chemchemi za ukanda huu wote, ina ramani nyingine, ya vyanzo vya maji, na hata kilichokauka huandikwa. Wakikijua, wataalamu huenda kupima na kuwashauri wenyeji wapande miti gani na mifugo ipite wapi. Baadhi ya chemchemi hurudi. Alirudia kwamba ni baadhi, hakutaka kumpa bibi matumaini ya uongo. Bibi Felista akasema baadhi inamtosha. Akakaa chini, akaandika herufi moja moja: HAPA PALIKUWA NA MAJI. TULINYAMAZA. SASA NASEMA.

Tangu hapo amekuwa balaa. Siku za mgao anazunguka mtaa na simu yake, anachungulia kila unyevu. Mimi mwenyewe nilimwaga maji ya kufulia mlangoni, akapiga picha. Nilimfukuza na kipimio changu cha nguo, tukacheka mpaka tukakaa chini. Lakini ile mita kubwa sasa inakubaliana na mita zetu, na hata wiki ya jua kali sisi wa juu tunapata.

Mvua za kwanza zilipokaribia, mtaalamu wa bonde alikuwa ameshafika kijijini kwao. Wanakijiji walikubaliana kupanda miti ya asili juu ya mwamba na kuwatafutia ng'ombe njia nyingine. Leonard akawasha lori kumpeleka mama yake. Happiness alipanda na mtoto, nami nikajipakia bila kualikwa. Bibi Felista alikuja na dumu. Alilijaza bombani kwake asubuhi ile ya Ijumaa, akalikumbatia safari nzima.

Tulipofika aliuzungushia mwamba miiba kwa mikono yake, kama alivyofanya kule korongoni. Ila safari hii kijiji kizima kilikuwa pale, kinaona, kinasema. Alimwogesha mjukuu wake uso kwa maji kidogo ya dumu. Yaliyobaki akayamwaga taratibu kwenye miche, na mwisho kabisa juu ya mwamba mkavu.

"Yalinifuata mjini," alisema. "Acha niyarudishe."

Mwamba uliyanywa yote. Kisha Leonard akambeba mtoto, tukaenda kupanda miti iliyobaki.